Baba mdogo anauliza Mungu wetu ni wangapi, nimjibuje?

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, nina miaka 38, Mwanglikana, mzaliwa wa Muheza. Kwetu Ubondei si ajabu tumbo moja kuzaa mtu wa kanisani na mtu wa msikitini. Marehemu baba yangu alibatizwa na kukulia Magila. Mdogo wake alifuata upande wa mama yao, akawa Mwislamu, na mpaka leo ni mwalimu wa madrasa. Baba alipofariki nikiwa darasa la sita, baba mdogo ndiye aliyenichukua. Ada yangu yote ya sekondari ilitoka kwenye michungwa yake. Jumapili nikichelewa kuamka alikuwa ananigongea dirisha na kuuliza, "Leo huendi kwenu?" Gauni jeupe la kipaimara alininunulia yeye, akamwongezea fundi hela ili liwahi. Hajawahi kuniambia nisilimu hata kwa mzaha.

Ramadhani iliyopita nilikwenda kufuturu kwake. Waliporudi kutoka tarawehe aliniita barazani, akawaondoa watoto, akaniambia: "Mwanangu, mimi nimezeeka. Habari za Utatu nazisikia kwenye spika, za wahubiri wenu na za wetu, na wote wanapiga kelele. Wewe nimekusomesha mwenyewe. Nataka nisikie kwako. Mnaabudu Mungu mmoja au watatu? Na kama ni mmoja, Isa mnamwombaje?" Nikamwomba anipe muda. Akasema muda upo, atanisubiri.

Tangu siku hiyo sina raha. Nilimweleza katekista wetu, akasema jambo lenyewe rahisi, nimwambie kuna maji, barafu na mvuke. Mwalimu mwenzangu akanipa mfano wa yai: ganda, ute na kiini. Kiongozi wa vijana kanisani anasema Mungu amefungua mlango, nisiuache ufungwe. Tena ameniomba niyarekodi mazungumzo kwa simu yawafae vijana wa uinjilisti. Mtoto mkubwa wa baba mdogo alinisikia siku ile. Kesho yake akanipigia: "Dada, usimletee baba mambo ya shirki uzeeni. Kama unampenda, mwache aende na shahada yake." Mume wangu anasema ninyamaze tu, ukoo umeishi miaka yote bila kuulizana na hakuna aliyekufa kwa hilo.

Nikimjibu vibaya, atabaki akiamini kwamba mtoto aliyemlea anaabudu miungu watatu. Nikimjibu vizuri, wanawe watasema nimemtoa baba yao kwenye dini. Nikinyamaza, nitakuwa nimemnyima kitu pekee alichowahi kuniomba. Na kuna jingine linaloniuma: nimebatizwa na ninasali kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, lakini nikishika kalamu kuandika maana yake, sifiki mbali. Idi kubwa nitakuwa kwake, na najua hajasahau.

Binti wa Muheza

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, binti wa Muheza.

Nianze na mzee mwenyewe, maana katika barua yako ndiye mtu pekee asiye na haraka. Amekaa na swali lake muda mrefu, akasikia majibu ya spika za pande zote mbili, kisha akachagua kukuuliza wewe, tena faragha, na ulipoomba muda akakupa. Wengine wote uliowataja kuna jambo wanataka litokee, au lisitokee. Yeye ameomba kueleweshwa. Naomba uone uzito wa hilo kabla hatujaenda kwingine.

Nikwambie pia nilipokaa. Mimi ni Mkristo kama wewe, kwa hiyo siwezi kuusemea Uislamu. Nikitaja aya ya Kurani nataja kitu ambacho baba yako mdogo amewafundisha watoto kwa miaka mingi kuliko mimi nilivyokisoma.

Unauliza kama kuna njia ya kumweleza Utatu mtu aliyefundisha tauhidi, yaani umoja wa Mungu, maisha yake yote, bila kuificha imani yako na bila kuivunja nyumba iliyokulea. Ndani ya swali lako kuna dhana moja ningependa tuiguse polepole: kwamba ukieleza vizuri utamvuta. Una hakika? Wako wanazuoni wa Kiislamu walioujua Utatu barabara, pengine kuliko waumini wengi wa mtaa wako na wa kwangu, na wakabaki Waislamu wa kweli. Mzee anaweza kukufuata hatua kwa hatua mpaka mwisho, halafu akasema, "Sasa nimeelewa mnachosema, na sikikubali." Hapo utakuwa umempa alichoomba chote. Ukikaa barazani ukijua hivyo, hata sauti yako itakuwa nyingine. Na binamu yako, akijua kwamba wewe unajua hivyo, huenda akapumua.

Sasa jiulize: mzee akisikia neno "watatu", anaona nini? Suratun Nisaa, aya ya 171, inawaambia Watu wa Kitabu, yaani Wayahudi na Wakristo, wasiseme "watatu". Al-Maida, aya ya 73, inasema wamekufuru wanaosema Mwenyezi Mungu ni wa tatu wa watatu. Katika sura hiyohiyo, aya ya 116, Isa anaulizwa kama yeye ndiye aliyewaambia watu wamfanye yeye na mama yake kuwa miungu wawili badala ya Mwenyezi Mungu, naye anakana. Na Suratul Ikhlas, ambayo hata mtoto wa madrasa anaisoma kwa moyo, inasema Mungu ni mmoja, hakuzaa wala hakuzaliwa. Mtu aliyekulia katika maneno hayo anaweza kabisa kudhani kwamba Wakristo wana Mungu aliyeoa na kupata mtoto, na kwamba mama yake mtoto ndiye wa tatu.

Hapo una neno la kweli la kumwambia, na ningekuwa mimi ningelianza nalo: watatu wa namna hiyo hata sisi tunawakataa. Hakuna kanisa, si lenu, si la Wakatoliki, si la Walutheri, linalomhesabu Mariamu ndani ya Utatu. Hakuna Mkristo anayefundishwa kwamba Mungu alimkaribia mwanamke. Yesu alipoulizwa amri iliyo ya kwanza, katika Marko 12 mstari wa 29, alianza na maneno ambayo kila Myahudi aliyajua kutoka Torati: "Sikiza, Ee Israeli, BWANA, Mungu wetu, BWANA ndiye mmoja." Imani ya Nikea mnayoikiri kanisani inaanza na Mungu mmoja. Tena liko jambo ambalo Wakristo wengi hawajawahi kulisikia. Mtaguso wa Nne wa Laterano, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 1215, ulitamka kwamba uungu wenyewe hauzai wala hauzaliwi. Maaskofu wale walikuwa wanazungumza wao kwa wao, na bado walisema, kwa sababu walizokuwa nazo, kwamba tunaposema Baba amemzaa Mwana hatusemi Mungu mmoja ametoa mungu wa pili.

Lakini usiishie hapo kana kwamba tofauti yote ni watu kutosikilizana. Akikuuliza, "Basi Isa bin Maryamu mnasema ni Mungu?" jibu lako ni ndiyo, na mzee ana haki ya kulisikia wazi. Ukilizungusha atajua, na atahisi umemtendea kama mgeni.

Kuhusu maji na yai: katekista na mwalimu mwenzako wana nia njema, ila mifano hiyo itakuangusha. Maji yaleyale yanakuwa barafu kisha mvuke. Ukiyafananisha na Mungu unasema kuna Mungu mmoja anayebadilisha sura, leo Baba, kesho Mwana. Fundisho hilo lilihusishwa na Sabelio katika karne ya tatu, na Kanisa likalikataa, kwa sababu pale Gethsemane Yesu hakuwa akijiomba mwenyewe. Yai nalo lina vipande, na ganda peke yake si yai. Mzee wako amefundisha kwamba Mungu hana sehemu, na katika hilo mapokeo ya Kanisa yako pamoja naye. Gregori wa Nazianzo, mmoja wa watetezi wakubwa wa Utatu katika karne ya nne, aliandika kwamba alijaribu chemchemi na mto, akajaribu jua na mwale wake, mwishowe akaviacha vyote kwa sababu kila kimoja kilibeba kosa lake. Kwa hiyo usikeshe ukitafuta mfano bora. Kumwambia mzee kwamba hakuna kitu kilichoumbwa kinachofanana na Mungu ni kumwambia jambo ambalo yeye mwenyewe analishika kwa mikono miwili.

Kuna mlango mmoja ambao pengine ataufungua mwenyewe. Madrasa nyingi za pwani yetu zimefundisha sifa ishirini za Mwenyezi Mungu: uhai, elimu, uwezo, maneno na nyinginezo. Wanazuoni wa Kiislamu walibishana sana zamani. Kama Mungu ni mmoja, je, elimu yake na maneno yake ni Yeye mwenyewe au ni kitu kingine? Kurani, ambayo ni maneno yake, iliumbwa au haikuumbwa? Mwaka 833 khalifa al-Maamun aliwaweka wanazuoni kwenye mtihani mkali kwa ajili ya swali hilo, na msimamo uliokuja kushika kwa Waislamu wengi wa Kisuni ni kwamba maneno ya Mungu hayakuumbwa. Mzee anajua, basi, kwamba kusema "Mungu ni mmoja" hakufungi maswali yote juu ya ndani ya umoja huo. Unaweza kumwambia kwamba Injili ya Yohana inaanza pahala hapo: hapo mwanzo kulikuwako Neno, Neno alikuwa kwa Mungu, naye Neno alikuwa Mungu.

Mlango huo una kizingiti, usiuvuke kwa kasi. Sisi hatusemi Neno ni sifa tu. Tunasema Neno anampenda Baba na anapendwa naye, na kwamba alifanyika mwili. Hapo ndipo mzee atasimama. Wala usimgeuzie Kurani yake ikuthibitishie Utatu. Ni kweli Nisaa 171 inamwita Isa neno la Mungu na roho itokayo kwake, lakini ni aya hiyohiyo inayokataza kusema watatu, na wafasiri wake wanalieleza neno hilo kuwa ni ile amri ya "Kuwa" ambayo kwayo Mungu huumba. Unakumbuka mihadhara ya wahubiri wa Kiislamu ya miaka ya 1980 na 1990, jinsi ilivyowauma Wakristo kusomewa Biblia yao kwa maana wasiyoitambua? Maumivu hayo usimpe yeye.

Kama ungekuwa mbele yangu, ningekuomba uache hesabu ya moja na tatu, umsimulie. Wanafunzi wa kwanza wa Yesu walikuwa Wayahudi. Hawakuwa watu wa miungu mingi. Kumsujudia kiumbe kwao lilikuwa chukizo. Watu hao walitembea na Yesu, wakamsikia akisamehe dhambi kwa mamlaka yake, wakamwona ameuawa, na wakashuhudia kwamba amefufuka. Tomaso akamwambia, "Bwana wangu na Mungu wangu." Wakaendelea kumwomba Baba kama Yesu alivyowafundisha, na wakasema Roho wa Mungu yumo ndani yao akiomba pamoja nao. Hawakuwa tayari kuiacha Sikiza Ee Israeli, wala kuacha waliyoyaona. Utatu ni jina la kule kukataa kwao kuachia upande wowote. Maneno ya kitaalamu, nafsi na asili, yalikuja baadaye ili kulinda hilo.

Atasema, na wengi husema, kwamba neno Utatu halimo katika Biblia. Mkubalie, halimo. Akisema ulibuniwa kwenye mtaguso wa Nikea kwa amri ya mfalme, mweleze kwamba mwaka 325 swali lilikuwa la Ario, aliyefundisha kuwa Mwana ameumbwa, na kwamba ubatizo kwa jina la Baba, Mwana na Roho ulikuwepo tangu zamani. Kwenye mtaguso wa Konstantinopoli, mwaka 381, maaskofu wakaongeza maneno juu ya Roho. Anaweza kukutolea Marko 13:32, kwamba saa ile hata Mwana haijui, au Yohana 14:28, "Baba ni mkuu kuliko mimi." Kanisa linazisoma aya hizo kwa kukumbuka kwamba Mwana alitwaa ubinadamu wetu kweli, ila usijifanye kuwa ni nyepesi, zimewasumbua Wakristo wenyewe tangu enzi za Ario. Na ukikutana na maneno ya mashahidi watatu mbinguni katika tafsiri za zamani za 1 Yohana 5:7, yaache. Hayamo katika nakala za kale za Kigiriki.

Swali moja labda hujalitarajia: "Na Mtume wetu wewe unamsemaje?" Hapa naona faraja katika habari ya Timotheo wa Kwanza, patriaki (askofu mkuu kabisa) wa Kanisa la Mashariki. Mnamo mwaka 781 au 782, Baghdad, khalifa al-Mahdi alimuuliza maswali yaleyale ya mzee wako, kwa siku mbili: vipi Mungu awe na mwana, vipi watatu wawe mmoja. Alipoulizwa juu ya Muhammad, Timotheo alijibu kwamba alitembea katika njia ya manabii, akataja jinsi alivyowatoa watu kwenye sanamu na kuwafundisha Mungu mmoja. Hakusema zaidi ya alichoamini, na hakusema kidogo kuliko alichokiona chema. Khalifa alibaki Mwislamu. Timotheo aliendelea kuwa patriaki hadi alipofariki mwaka 823. Wewe utasema kadiri ya dhamiri yako, lakini ona kwamba kati ya kusilimu na kutukana pana nafasi kubwa ya kusema ukweli.

Sasa njia zako. Ya mume wako, kunyamaza, siidharau. Imeziweka nyumba nyingi za Tanga zikiwa nzima. Hatari yake ni kwamba safari hii mzee ameshauliza, na ukimya wako atautafsiri mwenyewe. Kumwalika padri akuelezee kutakupunguzia mzigo, ila mazungumzo ya mtu na mwanawe yatageuka kuwa ya dini mbili, na huenda binamu yako naye akaleta sheikh wake. Kuna kuzungumza wewe mwenyewe, kwa ufupi, ukiwa tayari kusema "hapa sijui". Na kuna kumwandikia barua, asome kwa wakati wake, jambo linalowafaa wazee wanaosoma. Ubaya wake, karatasi husafiri mpaka kwa watu ambao haikuandikwa kwa ajili yao.

Kwa sababu hiyohiyo simu ya yule kijana inanitia wasiwasi kuliko mambo mengine yote uliyoandika. Mzee aliwaondoa hata watoto barazani. Kumrekodi bila yeye kujua ni kumgeuzia heshima yake kuwa bidhaa. Na ukimwomba ruhusa, ataanza kusema kama mtu anayesikilizwa na msikiti mzima. Mlango anaousema kijana huyo unaweza kuwepo, sikatai, lakini ulioufungua ni uaminifu wa mzee kwako. 1 Petro 3:15 inayotutaka tuwe tayari kumjibu kila aulizaye inaongeza: "kwa upole na kwa hofu."

Binamu yako nadhani ungemtafuta kabla ya Idi. Usiende kumwomba ruhusa, maana baba ni wake na ni wako pia. Nenda umwambie utakachosema na usichokusudia, na umsikilize. Ikiwezekana akae nanyi barazani. Atapinga baadhi ya maneno, sawa. Afadhali apinge akiwa amesikia. Suratul Ankabut, aya ya 46, inawaambia Waislamu wajadiliane na Watu wa Kitabu kwa njia iliyo nzuri zaidi; naye anaijua.

Jambo la mwisho nalisema kwa kubahatisha, kwa sababu mzee simjui. Aliyeuliza ni mtu aliyekuwa akikugongea dirisha ili usikose kanisa. Inawezekana chini ya "mmoja au watatu" liko swali jingine, la mzazi: huyu mtoto niliyemlea, mbele ya Mwenyezi Mungu atakuwa salama? Na huenda wewe nawe una la kwako kama hilo juu yake, ambalo hukuliandika. Likijitokeza, usilijibu kwa aya ya haraka haraka. Mwambie unamwombea kila siku, kama ni kweli unamwombea, na umuulize kama naye hukuombea. Maswali ya nani ataokoka yanaweza kungoja ziara nyingine, hata nyingi.